Uniti 27: kisa cha kompyuta ya mtumba, sayansi ya kujitolea na LUKU ya mwalimu

Mwalimu alipanda ngazi za ofisini kwangu pale Makoroboi, Mwanza, ameshika simu mbele yake kama mtu anayeleta ushahidi. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba bila kukaa. "Fundi, nisomee hizi meseji."

Zilikuwa nne, zote za LUKU, ule umeme wa kulipia kabla, zote za shilingi 5,000, zote za mwezi mmoja. Ya tarehe 1 ilimpa uniti 28.7, kwa kuwa manunuzi ya kwanza ya mwezi yalikuwa yakikatwa kodi ya jengo 1,500. Ya tarehe 7 ilimpa 41. Ya tarehe 16 ikampa 15.5. Ya tarehe 20, uniti 11.7.

"Hela ni ileile," akasema. "Mita imepata wazimu, au ni ile mashine yako? Mama anasema inakula kuliko friji."

Ilikuwa mashine yangu. Kwa hiyo kisa hiki nakiandika kama mkosaji, kwa mafundi wenzangu na kwa yeyote anayetaka kukusanya vipuri vya mtumba ili kompyuta yake ipige hesabu za watafiti usiku na mchana. Mashine niliyomfungia ilikuwa nzima na bei yake ilikuwa ya haki. Kosa nililifanya siku ya kwanza, kabla sijashika bisibisi.

Alichokuja kutafuta

Mwalimu ni mstaafu wa baiolojia. Miaka mingi alifundisha Ukerewe, na kichocho anakijua kwa macho, si kwa kitabu: watoto wenye matumbo yaliyojaa na mikono myembamba, wanaosinzia kipindi cha pili. Sasa anaishi Bwiru na mkewe, nyumba ndogo inayotazama maji, yenye friji dogo, televisheni na taa. Alikuwa na laki saba aliyoiweka pembeni. Alikuwa amesoma kwamba mtu wa kawaida anaweza kuazima nguvu ya kompyuta yake kwa wanasayansi, akataka na yeye aazime.

Jambo lenyewe si la kubuni. Watafiti wana hesabu ambayo kompyuta moja ingeisaga kwa karne, wanaikata vipande vidogo, kila kipande kinatumwa kwenye kompyuta ya mtu aliyejitolea, inakokotoa, inarudisha jibu. Mradi uliolitangaza duniani ni SETI@home wa Chuo Kikuu cha California kule Berkeley, ulioanza Mei 1999 kutafuta ishara za viumbe wa anga za mbali. Uliacha kugawa kazi mpya Machi 2020, lakini humo ndimo ilimozaliwa BOINC, programu ya bure ambayo leo unaiweka mara moja kisha unachagua mradi unaoupenda.

Mwalimu hakuwa na shida na viumbe wa angani. Alitaka kichocho. Tukatafuta pamoja, yeye na miwani yake, mimi na panya wa kompyuta. Tukakuta kwamba World Community Grid, mpango ulioanzishwa na IBM mwaka 2004, uliwahi kuwa na mradi wa kichocho hasa: mwaka 2012 watafiti wa Brazil waliutumia kupima kwenye kompyuta ni molekuli zipi zingeweza kushika protini za kidudu hicho zikakizuia. Ulishakwisha. Tukakuta malariacontrol.net, wa taasisi ya magonjwa ya kitropiki ya Uswisi, uliokuwa ukiigiza jinsi malaria inavyoenea na nini kitatokea ukileta chanjo au vyandarua. Nao ulishafungwa. "Tumechelewa, fundi," akasema, na nadhani alisikitika kweli.

Ulikuwepo pia ule wa mvua za Afrika, ulioanza Oktoba 2019 ukiongozwa na Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Delft, Uholanzi. Huo uliundwa kuigiza mvua za kusini mwa Sahara kwa miraba ya kilomita moja, maana radi zetu ni ndogo na za ghafla, na ramani ya hali ya hewa yenye miraba mikubwa huziruka. Yeyote aliyewahi kulala Mwanza anajua ngurumo za usiku zinazotoka ziwani. Mwalimu aliupenda. Ila mafaili ya kazi zake yalikuwa makubwa na nyumba yake inaishi kwa bando la simu, tukauacha.

Tuliishia kwa Rosetta@home wa Chuo Kikuu cha Washington kule Seattle, unaohusu maumbo ya protini. Nilipomwambia kwamba David Baker, ambaye maabara yake ndiyo iliyouanzisha, alipata Nobel ya kemia 2024, uso ukarudi. Kazi za Rosetta huja kwa mafungu, leo zipo kesho hazipo, kwa hiyo nikamwekea Einstein@Home kama mradi wa akiba; kwenye BOINC ukiupa mradi mgao wa sifuri, unafanya kazi pale tu mingine inapokauka. Einstein hutafuta nyota za nutroni zinazozunguka kwa kasi. Si ugonjwa, lakini mwalimu wa sayansi hakatai nyota.

Nilimuuliza maswali mengi siku ile. Bando. Meza. Kama mjukuu atachezea michezo. Sikumuuliza anatumia uniti ngapi kwa mwezi.

Vipuri

Nilianza na Dell OptiPlex 7010, mnara mdogo, 280,000. Naipenda mashine hii kwa sababu ya kifundi kabisa: pawasaplai yake, kile kiboksi cha kugawa umeme, inashika madabodi, yaani bodi kuu, kwa ile plagi ya kawaida ya pini 24. Ndugu yake aliyefuata, 9020, anatumia plagi ya Dell ya pini nane, pawasaplai ikifa unahangaika mji mzima. Kwenye mtumba, kipuri bora ni kile ambacho kikifa unakipata kwa jirani.

Ilikuja na Core i5-3470. Nikaitoa nikaweka i7-3770 ya 75,000 kutoka kwenye mashine iliyokufa madabodi. Soketi ni moja. Zote zina viini vinne, lakini i7 inaendesha nyuzi nane, yaani inashika kazi nane kwa mpigo. RAM ilikuwa gigabaiti 4. Kazi moja ya Rosetta inaweza kudai gigabaiti nzima au zaidi, kwa hiyo ukiwa na nyuzi nane na RAM ya 4, BOINC inaendesha mbili tatu na nyingine inaziandika kwamba zinasubiri kumbukumbu. Nimeona watu wakinunua prosesa kubwa halafu nusu yake inakaa kama abiria kwenye kivuko cha Kamanga. Nikaweka 16, kwa 90,000. SSD ndogo 45,000. Frijigadi 35,000.

Hiyo frijigadi wengine wanaidharau. Umeme ukikatika kompyuta haiumii sana. Kazi zinahifadhi hatua zake kila baada ya muda, unapoteza dakika chache. Kinachoumiza ni umeme unavyorudi, unapanda unashuka kabla haujatulia. Frijigadi inasubiri dakika kadhaa ndipo iruhusu. Kisha ndani ya BIOS ya Dell, ile programu ya kuwashia mashine, kuna kipengele cha AC Recovery: ukikiweka kwenye kuwaka, mashine inajiwasha yenyewe, mwalimu hata akiwa shambani.

RAM ya mtumba niliipitisha kwenye Memtest86+ usiku mzima. Hapa sibishani na mtu. Kwa barua na filamu, RAM yenye kasoro ndogo unaweza kuishi nayo miaka. Kwa kazi hizi, biti moja ikigeuka jibu ni uongo. Miradi kama Einstein hutuma kipande kilekile kwa kompyuta mbili tofauti na kulinganisha; majibu yakitofautiana wanatuma kwa ya tatu, na wako unatupwa. Utakuwa umechoma umeme wa siku nzima kutengeneza takataka.

Kadi iliyodanganya

Hadi hapo ilikuwa 525,000. Zilibaki 175,000, na mimi nikazipeleka pabaya.

Nilitaka kadi ya michoro. Kwa miradi inayoitumia, kadi ndogo hufanya kazi mara nyingi zaidi ya prosesa kwa umeme uleule, na Folding@home, ulioanza Stanford mwaka 2000 na unaohusu jinsi protini zinavyojikunja, hupenda kadi. GTX 1050 Ti ingetufaa: gigabaiti 4, wati 75, na nyingi hazihitaji waya wa ziada, zinanyonya umeme wote kwenye mlango wa madabodi. Dell haina waya wa kadi, kwa hiyo hilo lilikuwa sharti.

Nikaipata kwa muuzaji wa mtandaoni wa Dar, 175,000, ikaja na basi. Nilipofungua boksi nilikuta mambo mawili, na yote mawili yalitosha kuirudisha kabla haijagusa mashine. La kwanza, ilikuwa na mlango wa VGA. Kizazi cha GTX 10 hakitoi tena ishara za VGA. NVIDIA waliliacha jambo hilo. La pili, ilikuwa na tundu la umeme la pini sita, na muuzaji, kwa ukarimu, aliweka na kiunganishi cha kutolea umeme kwenye waya wa SATA, ule unaolisha diski ya kuhifadhia mafaili.

Kiunganishi hicho ni hatari, na ninaviona vikiuzwa kila kona. Plagi ya SATA ina pini tatu za volti 12, kila moja kwa ampea 1.5. Zidisha: wati 54. Tundu la pini sita linaruhusiwa kuvuta 75. Plastiki inalainika, kisha inanuka, kisha unaita majirani.

Sikukitumia. Nilichomeka kadi kwenye mashine yangu ya majaribio yenye pawasaplai kubwa, nikafungua GPU-Z, programu inayosoma kadi ni ya aina gani. Jina lilisoma GTX 1050 Ti. Idadi ya vitengo vya kukokotoa ilisoma 192. Halisi ina 768. Programu yenyewe ikaweka alama kwamba ni ya bandia. Ndani ilikuwa GTS 450, chipu ya 2010 inayokula wati 106, iliyopakiwa BIOS ya uongo ili ijitambulishe kwa jina la mjukuu wake. Madereva ya leo hayaitambui tena kizazi hicho, na Folding haiitaki.

Muuzaji alinijibu mara mbili, kisha akanifungia. Hasara niliibeba mimi, nikamrudishia mwalimu 175,000 zake. Kadi ninayo hadi leo, naionyesha kwa vijana wanaokuja kujifunza: milango kwanza, jina baadaye.

Bwiru

Mashine ikaenda bila kadi, na Linux Mint. Wiki mbili za kwanza mwalimu alikuwa na furaha ya mtoto. Alinipigia kunisomea majina ya protini.

Kisha joto. Prosesa ilikuwa ikicheza nyuzijoto 88 hadi 92. Chipu za kizazi hicho Intel walizifunika kofia kwa kupaka pesti kati, badala ya kuzilehemu kama kizazi kilichotangulia, kwa hiyo joto linatoka kwa shida hata ukibadilisha pesti ya nje, nami nilikuwa nimeibadilisha. Lakini 92 ilikuwa imezidi. Nilipofungua ubavu nikacheka. Kipozajoto kilikuwa kimejaa wale wadudu wadogo wa ziwani, wanaoonekana kwa mbali kama moshi unaosimama juu ya maji. Usiku wanafuata taa, feni inawavuta, wanakauka kati ya mapezi kama pamba. Tukahamisha mashine mbali na dirisha, tukaziba matundu ya mbele kwa kipande cha chandarua kilichochakaa. Joto likashuka hadi 79. Chandarua kinazibuliwa kwa kupigwa na kiganja kila Jumamosi.

Nilidhani kisa kimekwisha. Tarehe 20 ya mwezi uliofuata ndipo akapanda ngazi na simu yake.

Hesabu niliyopaswa kuifanya mwanzo

Nina kimita cha kuchomeka kwenye soketi, cha 25,000. Nilikwenda nacho Bwiru jioni ileile. Mashine, nyuzi nane zikiwa kazini, bila kioo: wati 112. Mara saa 24 ni uniti 2.69 kwa siku, uniti 81 kwa mwezi.

Nyumba ya mwalimu ilikuwa ikitumia uniti 48, kwa meseji zake za nyuma. Yuko kundi la D1, lile la watumiaji wadogo wa majumbani. Kwa bei zilizokuwa zikitumika, D1 ililipa shilingi 100 kwa uniti hadi uniti 75 za mwezi, na kila uniti iliyozidi hapo ilikuwa 350. Ongeza VAT asilimia 18, tozo ya REA ya umeme vijijini 3 na ya EWURA, mdhibiti wa nishati, 1, unapata 122 chini ya mstari na 427 juu yake. Sasa zisome tena zile meseji nne. Ya kwanza na ya pili zilifika uniti 69.7. Ya tatu ilinunua 5.3 za mwisho za bei ya chini, hela iliyobaki ikavuka mstari. Ya nne yote ilikuwa ng'ambo. Mita haikuwa na wazimu wowote.

Nyumba na kompyuta, uniti 129. Sabini na tano kwa 122 ni 9,150. Hamsini na nne kwa 427 ni 23,058. Jumla 32,208, pale ambapo zamani alilipa kama 5,860. Tofauti ya mwaka ni kama 316,000. Dell yenyewe ilikuwa 280,000. Kila mwaka mwalimu angekuwa ananunua kompyuta nyingine na kuichoma. Na mtu akizidi mstari mara kwa mara angeweza kuhamishwa kabisa kwenda T1, kundi la matumizi ya kawaida, ambako kila uniti, hata ya taa ya choo, ilikuwa kama 356.

Kwa hiyo bajeti ya mwalimu haikuwa laki saba. Ilikuwa 75 kutoa 48: uniti 27 kwa mwezi. Kila kitu nilichonunua kilipaswa kupimwa kwa swali moja, kinafanya kazi ngapi ndani ya uniti 27. Nilinunua prosesa kwa wingi wa nyuzi, kama mtu anayenunua pikipiki kwa ukubwa wa tangi.

Nilimweleza hivyo sebuleni kwake. Mama akasikiliza hadi mwisho, akasema: "Kwa hiyo hao wazungu wa protini ndio tunaowalipia umeme." Sikuwa na jibu la haraka. Mwalimu akasema ndiyo, na kwamba alikuwa tayari kuwalipia, lakini kidogo.

Kupima kazi kwa uniti

Kupima kuna mtego. Kazi ya Rosetta imewekewa muda: inazunguka saa nane au zaidi kadiri ulivyopanga, mashine yenye nguvu inamaliza maumbo mengi ndani ya muda huo na dhaifu machache, lakini kwenye orodha zote zinaonekana kazi moja moja. Ukihesabu kazi za Rosetta utadhani kompyuta zote ni sawa. Nikatumia kazi za Einstein, za aina moja, ambazo ukubwa wake unalingana.

i7 na nyuzi nane: kila kazi kama saa 12, kumi na sita kwa siku, uniti 2.69. Ni kama kazi sita kwa uniti.

Nikajaribu kuituliza. BOINC ina mipangilio miwili watu wanayoichanganya: asilimia ya prosesa zitakazotumika, na asilimia ya muda wa prosesa. Ya pili inaiwasha na kuizima mashine kila sekunde chache. Joto linapanda na kushuka, na kazi kwa uniti haiboreki. Gusa ya kwanza. Nikaiweka nusu, nyuzi nne, kisha nikazuia turbo, zile mbio za ziada za prosesa, kwenye Linux. Sababu ya turbo ni hii: umeme unaoliwa na chipu hupanda pamoja na kasi, lakini hupanda na mraba wa volti, na turbo ili ikimbie inaongeza volti. Mbio za mwisho ndizo za gharama. Mashine ikashuka hadi wati 76, kazi kumi na moja na nusu kwa siku. Kazi 6.3 kwa uniti. Nimehangaika jioni nzima kupata hiyo nukta tatu ya ziada. Chipu ya 2012 ina mpaka wake, huwezi kuibembeleza ukavuka.

Rafu ya chini ofisini kwangu nilikuwa na HP EliteDesk 800 G2, ile ndogo kama kitabu cha hesabu za duka, yenye i5-6500T, chipu ya 2015 iliyoundwa kwa wati 35, inayotumia chaja kama ya laptopu. Nilikuwa nikiiuza 330,000 na hakuna aliyeitaka kwa sababu inaonekana kama toy. Viini vinne, nyuzi nne. Kwenye kimita, kazi nne zikienda: wati 44. Kila kazi saa nane na nusu, kazi 11.3 kwa siku, uniti 1.06. Kazi 10.7 kwa uniti.

Yaani kwa uniti 27 za mwalimu, ule mnara ungefanya kazi 160 kwa mwezi, tena baada ya siku kumi unazima. Kijisanduku hiki kingefanya 289, kikikaa kazini saa ishirini na nusu kila siku.

Mwenzangu mmoja wa Rwagasore ananibishia hapa, na hoja yake ni nzuri: ungetafuta 1050 Ti ya kweli, kazi kwa uniti ingekuwa kubwa kuliko vyote. Ni kweli kwa miradi ya kadi. Mnara wenye kadi, prosesa ikipumzika, ungekaa kwenye wati 115 hivi, na uniti 27 zingempa mwalimu chini ya saa nane kwa siku. Kazi za Folding zina tarehe ya mwisho, na alama zake zinapanda kadiri unavyorudisha mapema, kwa kuwa kipande kinachofuata kinasubiri jibu la kilichotangulia. Kadi inayolala saa kumi na sita inachelewesha mnyororo. Mwenye stationari aliyeko T1 tayari, ambaye kila uniti kwake ni bei moja, ningemfungia kadi bila kusita. Kwa D1 yenye nafasi ya uniti 27, sikuona njia. Sola niliihesabu nyuma ya risiti tu: wati 100 mfululizo ni uniti 2.4 kwa siku, paneli za kama wati 600 na betri za kulala nazo, laki saba ingeishia kwenye betri.

Kubadilishana

Nilimuuzia mwenye stationari wa Igoma ule mnara, pamoja na RAM yake, kwa 360,000. Anautumia kuchapa kadi za harusi na haufikishi nyuzijoto 50. SSD niliihamisha kwenye HP, inaingia bila shida. Mwalimu akachukua HP kwa 330,000, thelathini iliyobaki nikampa mkononi. i7 na RAM tulizonunua za ziada, nusu ya thamani yake ilipotelea njiani, na hiyo haikupaswa kuwa juu yake, kwa hiyo sikumtoza ufundi wa mara ya kwanza wala wa pili. Ukijumlisha na kadi, kisa hiki kilinigharimu karibu faida ya mwezi.

RAM ya HP ni 8, inatosha kazi nne kwa kubana; Rosetta ikileta kazi nzito moja inasubiri. Kwenye BOINC nikaweka ratiba: isikokotoe kuanzia saa kumi na mbili jioni hadi saa tatu na nusu usiku. Saa hizo friji linafunguliwa, televisheni inawaka, na ndizo saa wadudu wanaingia. Daftari la LUKU nikamwomba mwalimu aliandike kila Jumapili, namba ya mita tu na tarehe. Siku hizi mteja wa namna hii akija, namtuma kwanza arudi na meseji zake za miezi mitatu. Wengine hawarudi.

Mwezi wa kwanza mita ilisoma 73. Wa pili 74, mwalimu akanipigia kwa fahari kuliko siku alipofungua protini ya kwanza. Mwezi wa Desemba alipiga tena, sauti ya chini, mama yuko karibu.

"Fundi, imefika 78."

"Kompyuta mwalimu?"

"Hapana. Wajukuu wamekuja likizo, na mmoja anapiga pasi nguo zote, hata taulo."

Nikamwambia apunguze kazi kutoka nne hadi mbili mpaka shule zifunguliwe. Akasema ameshapunguza, alichotaka kujua ni kama zile mbili zilizosimama katikati zitahesabiwa zimechelewa. Nikamwambia afungue orodha anisomee tarehe ya mwisho ya kila moja. Ya kwanza ilikuwa Alhamisi. Ya pili ilikuwa kesho yake saa nne asubuhi, na ilikuwa imebakiza dakika arobaini, kwa hiyo akaiachia hiyo peke yake na kwenda kumwambia mjukuu azime pasi.